Pumzi za Yeriko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dorothée Bauma alifuta umande kwenye paneli nne za jua kwa kipande cha kitenge, akanawa mikono, akaketi mbele ya chupa ya maji na kuanza kuhesabu mapovu. Chupa yenyewe ilikuwa ya lita tano, ya mafuta ya kupikia, imeoshwa vizuri. Ndani yake ulizama mpira mwembamba uliotoka kwenye ufa wa jiwe, na kupitia mpira huo pumzi za wanaume kumi na wanne zilipanda kutoka tumboni mwa mlima, zikapasuka juu ya maji moja baada ya nyingine. Alihesabu mpaka ya kumi na nne. Akaandika kwenye daftari, ndipo akakubali kunywa chai.

Wanaume hao walikuwa chini huko tangu Jumamosi ya Pasaka ya mwaka juzi. Siku hiyo mlima, huku Walikale ambako hata pikipiki hufika ikikohoa, uliteremka kidogo na kuziba mlango wa shimo la kasiterite, mawe ya bati, lililoitwa Yeriko. Mkubwa wa shimo alikuwa Papa Séraphin. Kama wakubwa wote wa mashimo aliitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, ingawa ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki chini ya turubai. Alihesabu kandambili zilizoachwa mlangoni, akapata jozi kumi na nne, akazipanga na kuzifunika ili mvua isiziharibu. Kooperative ya wachimbaji ikaandika barua kwamba watu watafukuliwa mara mashine itakapopatikana. Mashine ilikuwa upande wa pili wa watu wenye bunduki, na watu wenye bunduki walitaka kwanza kujua inakwenda kufukua nini. Barua ikabandikwa kwenye mti. Mti ukaendelea kukua.

Aliyejua kwanza kwamba bado wanapumua ni Estelle, mke wa Élie, mmoja wa wale kumi na wanne. Estelle aliuza mandazi pale mlimani, na mbabula yake, jiko la makaa, ilikuwa ikizimika kila alipoiweka karibu na ule ufa. Akapuliza, akabadilisha makaa, akamlaani aliyemuuzia makaa. Kisha kuku wa jirani akapita pale kuokota makombo, akalala chini, hakuamka. Estelle akaisogeza mbabula hatua kumi, ikawaka yenyewe. Akarudi, akaweka shavu kwenye ufa.

"Iko moto moto," alisema. "Na inanuka maharage."

Akapanda kilima cha mtandao na kumpigia simu wifi yake Dorothée, dada wa Élie, maana mambo ya hewa angemuuliza nani mwingine?

Dorothée alikuwa mwanakemia. Kwa miaka sita, katika chuo kimoja cha Goma, alikuwa akitafiti jambo moja tu: namna ya kuchukua hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani, ile ile inayolala mabondeni karibu na Sake watu wakaiita mazuku na inaua mbuzi pamoja na mchungaji wake, na kuipitisha kwenye umeme ili igeuke kuwa kitu chenye faida. Chombo chake kilikuwa sanduku la kioo lenye vyumba viwili. Katika chumba kimoja ilisimama karatasi ya bati jeupe, si bati la kuezekea nyumba bali lile linaloyeyushwa kutoka kwenye kasiterite. Umeme ukipita, hewa chafu iligusa bati ikageuka asidi, maji makali yanayonuka kama siafu waliopondwa. Katika chumba cha pili ilitoka oksijeni safi. Wataalamu wenzake walijali ile asidi tu. Oksijeni waliiachia iende zake dirishani.

Vita vilipoifunga labo, maabara ya chuo, Dorothée alikifunga chombo kwenye blanketi akarudi kwa mama yake, kijijini Kingi, akashika jembe kama watoto wengine wa nyumba hiyo. Simu ya Estelle ilimkuta kwenye mistari ya maharage. Nyumbani nako watu walikuwa tayari wamekata mgomba. Kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa shina la mgomba limefungwa kwenye blanketi lake, ili roho ijue pa kulala, na mjane aoge, na watu watawanyike wakaendelee kulima. Blanketi la Élie lilikuwa limefuliwa. Wimbo ulikuwa umechaguliwa. Dorothée akasimama uani na jembe mkononi, akasema kaka yake anapumua.

Wajomba wakatazamana. Mtu anayepumua hazikwi, hata kwa mgomba. Shina likapewa mbuzi, na mama yao, Mama Joséphine-Marie, ambaye alikuwa amejiandaa kulia kwa siku tatu, akabaki na kilio chake kooni. Kikamkaa hapo. Tangu siku hiyo alikuwa akimeza mate mara mbili kabla ya kusema neno.

Walisafiri siku nne, mama na binti, kwa miguu, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kwa pikipiki, chombo kikipakatwa mapajani. Kwenye vizuizi wenye bunduki waliuliza ni nini. "Kemia," alisema Dorothée. Wakaichukua betri moja kati ya tatu, wakawatakia safari njema.

Siku walipounga mpira wa kwanza na mapovu yakaanza, mama aliinama juu ya chupa bila kuambiwa. Yalipita mapovu manene, mapovu ya kivivu, mapovu ya mtu mwenye mafua. Kisha yakaja mawili mafupi na moja refu. Élie alikuwa akipumua hivyo tangu ugonjwa wa mapafu uliotaka kumchukua akiwa na miaka saba.

"Huyu njo wangu," alisema mama.

Dorothée akarudisha oksijeni chini kwa mpira wa pili. Maneno hayakushuka, ufa ulipinda mara saba, na sauti zilikuwa zikikwama kwenye kona. Estelle aliita jina la mumewe mpaka akapoteza sauti yake mwenyewe, na wiki nzima aliuza mandazi kwa vidole. Walijaribu barua kwenye uzi, ikarudi imelowa. Hewa ndiyo pekee iliyokuwa na akili ya kupita. Kwa hiyo wale wa chini walipata hewa nzuri bila kujua inatoka kwa nani. Walikuwa wanakula nini miaka hiyo yote? Pumzi zao zilinuka maharage, basi walikula maharage. Ya zaidi hakuna aliyeuliza, mchimbaji na njaa ni watu wanaofahamiana.

Tumaini la Dorothée lilikuwa karatasi. Alikuwa ameishi sana kati ya watu wanaoamini namba, maskini. Aliandika ripoti ya kurasa tatu: pumzi kumi na nne, kiasi cha kaboni kwa saa, mchoro wa siku thelathini, na mwisho ombi la kufukua, watu ishirini wenye sururu na mbao za kuzuia udongo, miezi miwili. Kooperative ikamtuma mjumbe wake, Jean-Luc, kijana mwenye buti zisizo na tope. Alisoma yote akiwa amesimama. Alisoma hata mchoro.

"Félicitations, madame," alimpongeza. "Kumbe wako salama."

"Wako chini ya mulima, kaka."

"Wako chini, lakini iko napumua. Unaona, dossier ya ajali inataka maiti. Sasa wewe umenihakikishia, na tarakimu juu, kama maiti hakuna." Akaikunja ripoti kwa heshima. "Basi hakuna ajali. Tutaifunga hii dossier."

Akaifunga. Naye Dorothée akaketi na kujisikia mjinga, na kweli hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma, lakini wingu lilikuwa limefunika jua na ilibidi akazisogeze paneli.

Hayo ndiyo yakawa maisha yake. Walikale ni nchi ya mvua, na mtu aliyefunga pumzi za watu kumi na wanne kwenye jua hana raha. Aliacha kutazama watu usoni, alitazama juu. Akila, alikula akiwa amesimama. Betri zilimpa saa tano bila jua, na saa ya nne ilipoanza alikuwa akitembea kuuzunguka mlima akizungumza na anga kwa maneno ambayo mama yake alijifanya hayasikii. Na bati nalo lilichoka. Kila baada ya siku arobaini uso wake ulipauka, mapovu ya oksijeni yakapungua, ikabidi amwage asidi na kuweka karatasi mpya. Asidi aliimwaga kwenye kidumu cha njano. Siafu walisikia harufu hiyo mpaka msituni, wakaja kwa mstari mmoja, wakasimama kukizunguka kidumu muda wa nusu saa kama watu waliokuja kutoa pole, kisha wakaondoka kwa mstari ule ule. Watu walijifunza kuwaruka.

Wiki ya tatu ya hewa nzuri, nyundo zikasikika chini. Ulikuwa mlio wa patasi kwenye jiwe, wa taratibu, wa watu waliopumzika vya kutosha. Siku ya pili, kwenye ufa mwingine chini ya mteremko, tundu la upana wa ngumi, ulianza kutoka mchanga mweusi mzito. Kilichoko juu hakikuweza kuingia humo, lakini cha ndani kiliteremka chenyewe. Séraphin alikuja akachota kidogo, akaonja kwa ulimi, akatema.

"Ni kasiterite," alisema. "Na wameishaosha."

Akatega mfuko. Jambo pekee lililomsikitisha ni kwamba hakutega jana.

Mifuko ilikuwa saba kwa siku, wakati mwingine sita. Mashimo mengine, ambayo watu wake walikuwa wakitoka jioni na kulewa na kugombana, hayakufika mitatu. Jean-Luc alirudi na kupiga picha. Ni kutoka kwenye mchanga huo huo Dorothée aliyeyusha bati lake kwa makaa kwenye mbabula ya Estelle. Alipaswa kukiri kwamba hajawahi kupata bati safi kama lile, hata kwenye pakiti za Ulaya. Alikiri kimoyomoyo, akajichukia.

Alikwenda kwa Séraphin mara tano. Séraphin hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alimvutia kiti, akamkaribisha karanga.

"Madame Dorothée, nielewe. Batu makumi mbili wa kuchimba udongo tupu, nani atawalisha? Na wakigusa pahali pabaya mulima unashuka juu ya wenzao. Sasa utasema Séraphin ameua. Waache. Wako na kazi, wako na hewa."

"Wako na bibi zao, Papa. Wako na watoto."

"Watoto wanakula sababu baba yao anatumika kazi. Mimi namtumia Estelle sehemu yake kila samedi, ama nadanganya?"

Hakudanganya. Kila Jumamosi Estelle alipokea sehemu ya mumewe, akatia alama ya kidole, akaenda kukaa karibu na chupa na kumsimulia Élie habari za wiki, ingawa alijua zitakwama kwenye kona ya kwanza. Hakuwa mjane, hakuwa na mume. Wanaume walimwamkia kwa mbali. Siku moja alimwambia Dorothée, bila ukali, "Wifi, ungechelewa siku mbili tu, sasa hivi mimi ningekuwa nimelia nimemaliza." Kisha akamwomba msamaha, naye Dorothée akasema hakuna neno, na wote wawili walijua neno lipo.

Mara ya tano Séraphin alichoka kidogo. "Wewe mwenyewe njo ulileta hewa," alisema. "Kabla yako, mimi nilikuwa nimeishawalilia."

Maneno hayo Dorothée alikwenda nayo siku nne. Ya tano ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi, jua likiwa kali na watu wote wakiwapo, akashika bomba dogo la shaba lililoruhusu oksijeni kushuka, akalifunga. Akasimama mbele yake.

"Sitafungua," alisema, "mpaka nione sururu."

Wabeba mifuko waliweka mizigo chini na kukaa juu yake. Séraphin alikuja na kiti chake cha plastiki, akakiweka mahali pasipo na siafu, akatazama saa ya mkononi, akaanza kumenya karanga. Alikuwa amekaa na watu kwenye mashimo miaka ishirini na alijua mambo mawili matatu kuhusu nani hufungua kwanza.

Baada ya dakika sita nyundo ziliacha. Baada ya dakika tisa mapovu yalianza kuja haraka, madogo madogo, yakigombania mpira. Dorothée alihesabu kwa sauti ili asifikiri. Kumi na nne. Kumi na nne. Dakika ya kumi na tatu akahesabu kumi na mbili, akarudia, akapata kumi na nne, jasho likamwingia machoni. Mama Joséphine-Marie alikuwa amepiga magoti mbele ya chupa. Mawili mafupi, moja refu. Mawili mafupi, moja refu. Mawili mafupi. Mama akangoja. Mawili mafupi.

Mama akameza mate mara mbili.

"Dorothée," alisema.

Basi tu, jina lake. Dorothée akafungua bomba. Oksijeni ikashuka kwa mluzi, na kwa muda mrefu chupa ilichemka, kisha likaja moja refu, refu sana, likapasuka. Mama akaketi chini kwenye tope na kitenge chake kizuri. Séraphin akainuka. Hakumcheka mtu, alimwaga karanga zilizobaki kwenye kiganja cha mama, akabeba kiti chake.

"Nilijua," alisema. "Muzazi ni muzazi."

Siku iliyofuata, mchanga uliteremka na kipande cha mfuko kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa kimeandikwa kwa makaa. Dorothée aliutambua mwandiko kabla ya kusoma, zile herufi kubwa zilizolala upande kana kwamba zinapandisha mlima. Katika miaka miwili lilikuwa neno la kwanza kutoka chini.

*Papa PDG. Tunaomba musamaha. Tumeona jana ulikata hewa. Mifuko ilipunguka sababu Gakwaya iko mugonjwa wa mugongo, haikuwa uvivu. Kuanzia leo tutafikisha kumi. Usikate tena, tunakuomba, kuko ambao walianguka. Élie na wenzake.*

Katika mashimo ya huku hewa hushushwa na jenereta, na ufunguo wa jenereta hukaa mfukoni mwa PDG. Mifuko ikipungua, jenereta hupumzika kidogo, mpaka watu wakumbuke walichoshukia. Ni desturi. Hakuna mchimbaji asiyeijua, wala anayeiona ajabu. Dorothée, aliyesoma hewa yote ya dunia vitabuni, hakuwahi kufanya kazi shimoni.

Alisoma mara tatu. Mama akanyoosha mkono, akasoma naye, midomo ikicheza, kwa kuwa alijifunza kusoma kwa Biblia na alisoma kila kitu polepole kama Biblia. Kisha akaikunja barua ile ile mara nne na kumpelekea Séraphin, maana ilikuwa yake.

Séraphin alivaa miwani. Aliposoma kwamba Gakwaya ni mgonjwa akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Batoto bazuri," alisema. "Batoto ba adabu." Akaitia barua mfukoni mwa shati, akaenda mwenyewe kwenye bomba la shaba na kulifungua robo duara zaidi, kwa ajili ya Gakwaya. Chini huko nyundo zikapata kasi. Kabla ya saa sita mifuko ilikuwa imefika mitano, na jioni ilikuwa kumi na mmoja.

Dorothée alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono katikati ya magoti. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya mama ambaye kilio chake kilitangulia na bado kinangoja zamu. Mama akaja akaketi karibu naye. Akamtoa mchanga mweusi kwenye nywele, punje moja moja, kama alivyokuwa akimtoa makapi ya maharage utotoni.

"Siku watatoka," alisema mama, akameza mate, "usiwaambie kama ilikuwa wewe."

"Sitasema, mama."

"Wafikiri ni yule."

"Ndiyo, mama."

Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Masisi, zito, lenye maji. Dorothée akainuka kwenda kuzigeuza paneli.